Sauti ya Rafiki wa Dereva

Jumatatu, 4 Septemba 2000

Tumemzika Jaffar leo, na mvua. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea, kwa sababu wengine wote walivaa viatu vya maana. Udongo wa nchi hii unanata kama halua. Nilipotoka nilikuwa na kilo mbili za Uingereza kila mguu, na wa kumwambia hayo akacheka ndiye huyo niliyemuacha chini.

Naandika kwa sababu saa hizi ndipo nilipokuwa nikimpigia simu. Miaka na miaka, nikirudisha gari namweleza abiria wangu wa leo, naongeza chumvi, naye husema, "Punguza nusu, Hafidh, iliyobaki tugawane." Sasa chumvi ninayo, wa kuipunguza hayupo. Basi naandika. Skuli nilifika darasa la sita, Wete, Pemba. Yaliyobaki nimesomea melini. Nimelala Bombay, nimelewa Hamburg (Mungu anisamehe), na kwa lugha saba naweza kumtukana mtu akadhani namsifu. Dereva wa teksi kama mimi Tottenham nzima hakuna, na hilo si kujisifu, muulizeni yeyote.

Mkewe, Ghalia, ameingia eda. Miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Bi Mwanabaraka, dada mkubwa wa Jaffar, amehama kwake Thornton Heath kuja kumlinda. Huyu bibi anaweza kuitisha lifti ya jengo ikapanda bila kubonyezwa. Amenipa kazi ya kwenda sokoni.

"Uweke mlangoni, ugonge, uondoke," kasema.

"Na salamu je, Bi Mwanabaraka?"

"Ziweke ndani ya mfuko pamoja na vitunguu."

Alhamisi, 14 Septemba

Petroli hakuna London nzima, wenye malori wamegoma. Nimekaa kwenye foleni tangu asubuhi. Kila nikisikia jambo la kuchekesha mkono unakwenda kwenye simu wenyewe.

Jumapili, 24 Septemba

Leo nimeweka mifuko, nimegonga, nikageuka. Nikasikia kile kifuniko cha tundu la barua mlangoni kinafunguka.

"Shemegi."

Ilikuwa sauti ya Ghalia. Hatuonani, mlango umefungwa, nikaona hapo Mungu hana neno nasi. Nikachutama kwenye korido kama mwizi.

"Naam, shemegi."

"Ndizi ulizoleta juzi zilikuwa mbichi."

"Zilikuwa zinakusubiri wewe ziive."

Akacheka kidogo, halafu akajizuia kama aliyefanya makosa. Binti yao Miska, mwenye miaka kumi na sita, akapita nyuma yake nikaona miguu tu na soksi za rangi mbili. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao hawa wa kuzaliwa huku: "All right, Ami Hafidh." Ami ndilo neno lake la Kiswahili, na kalihifadhi kwa ajili yangu.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 9 Oktoba

Naandika ndani ya gari.

Asubuhi Lawrence, dereva mwenzangu, Mkamba wa Machakos ambaye hajapata kuniamini hata siku moja, ameingia ofisini na gazeti. "Hafidh, si hawa ndio wale wazungu wako? Wale uliosema uliwaendesha?"

Nikatazama. Tin Parasols! Wanne, na nywele zao zilizosimama kama wameona jini, na wanja machoni. Albamu ya nyimbo zao bora, greatest hits, imetoka wiki hii. Wanaume hao mimi nimewaendesha kwenye van miaka mitatu, toka 1979, ule muziki wa new wave ulipokuwa moto, Brighton mpaka Aberdeen. Nimewaambia watu hadithi hizo ofisini mpaka wameziwekea faini. Leo Lawrence kapiga saluti.

Nikaenda Wood Green nikainunua. Nikafungua kijitabu chake kutafuta jina langu. Halimo. Wimbo wa mwisho ni "Raincoat Monday", lakini si ule mfupi wa redioni, ni mrefu, wa dakika tisa, wameandika haujapata kutolewa. Na chini yake kwa herufi za siafu: sauti katikati, rafiki wa dereva.

Rafiki wa dereva! Dereva ni mimi, na rafiki ni nani kama si Jaffar? Alikuwa akinisaidia kubeba spika zao, kabla hajashika dini na kufundisha watoto Kurani Jumamosi. Siku moja studio wakataka mtu aseme maneno ya Kiafrika juu ya ngoma, yoyote. Nikaenda mimi kwanza, kwa kweli nilisema vizuri sana, nikasimulia Odessa yote, mpaka ukanda ukaniishia. Wakaniambia asante, ajaribu mwenzako. Nikatoka kwa hasira nikaenda kunywa chai. Alichosema Jaffar sikukisikia, na njiani sikumuuliza. Wimbo ulipotoka ulikuwa mfupi, haimo sauti yake wala yangu, nikafurahi tukawa sawa. Jaffar alicheka tu, hakulitaja tena.

Nikaitia CD kwenye gari hapa Lordship Lane. Ngoma, vinanda vya umeme, yule kijana analia mambo ya koti la mvua. Halafu vinanda vinashuka, na Jaffar anakohoa.

Anasema: "Ghalia. Ghalia binti Suleiman. Wananambia niseme, na mimi sina la kusema ila wewe. Ukija uje na koti, usiwaamini wanaokwambia baridi ya huku inazoeleka. Nimekununulia soksi, nimeshazivaa mara moja kuzijaribu, usikasirike. Nimepata chumba. Kina dirisha moja, linaangalia ukuta, lakini ukuta wenyewe mzuri. Na siku nitakapokuja kukupokea uwanja wa ndege, ukiniona nacheka, usidhani nakucheka wewe. Mimi nikiona haya hucheka. Basi. Njoo."

Ngoma zinarudi, zinammeza.

Alikuwa hajamuona bado. Waliozeshwa kwa wakala, yeye huku, mwenzake Pemba, na picha moja tu baina yao. Na mtu huyu, ninayemjua toka tukiogelea uchi Wete, sikupata kumsikia hata mara moja akilitaja jina la mkewe mbele za watu. Alikuwa "mama Miska", na kabla ya Miska alikuwa "nyumbani". Mwanamume wa kwetu halitoi jina la mkewe hadharani kama mnada.

Nimeisikiliza mara sijui ngapi. Polisi kaja kugonga kioo, "Are you okay, sir?" Nikamwambia rafiki yangu amerudi.

Jumatano, 11 Oktoba

Nilitaka kumpelekea Ghalia leo leo. Nikaona kwanza niulize, nisije nikavunja eda ya watu. Bi Mwanabaraka alikuwa anapokea unga.

"Bi Mwanabaraka, mwenye eda anaruhusiwa kusikia muziki?"

"Muziki?"

"Kidogo."

"Kwenye nyumba ya msiba? We Hafidh umelewa tena?"

"Sijalewa, nauliza fikihi."

"Fikihi ya vinanda! Nenda zako, na unga huu una wadudu."

Basi, nimeuliza, nimejibiwa. Na nikiwa narudi kwenye gari nikapata wazo, wallahi wazo la mtu aliyezunguka dunia: nitasubiri. Siku Ghalia akitoka edani watu watakusanyika, pilau, dua. Siku hiyo nitasimama na kumtoa Jaffar mwenyewe azungumze. Watu watalizungumza mpaka Pemba.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mafuriko. Ofisini nimewapigia madereva wote ule wimbo, Lawrence kaomba mara mbili. "Anasema nini, Hafidh? Kiswahili chenu hiki kinateleza." Nikamwambia anamshauri mke mambo ya hali ya hewa. Wamecheka kwa wema. Lawrence kasema sauti nzuri. Nikatembea siku nzima kama nimeitoa mimi kooni.

Jumatatu, 30 Oktoba

Upepo umeng'oa miti. Treni hakuna, kazi tele.

Jumapili, 12 Novemba

Kifuniko kilifunguka kabla sijagonga.

"Shemegi, una haraka?"

"Haraka nimeiacha garini."

Nikakaa chini kabisa, mgongo kwenye mlango, naye nadhani kakaa vivyo hivyo upande wa pili, maana sauti ilikuwa pale pale chini.

"Naipoteza sauti yake," kasema.

"Uso ninao. Kikohozi chake ninacho. Maneno nayajua. Lakini nikitaka niyasikie kwa sauti yake, yananijia kwa sauti yangu mimi. Miezi miwili tu, shemegi. Mtu nimelala naye miaka kumi na saba. Kwenye simu, sauti ya ujumbe ni ya Miska. Harusi yetu hata kamera haikuwepo, maana hata bwana harusi hakuwepo."

"Itarudi," nikasema.

"Na kuna jambo nilitaka kumuuliza. Siku niliyofika Heathrow, mimi msichana wa watu na koti la kuazima, namtafuta mtu wa kwenye picha, namuona. Akaniona. Akanicheka, Hafidh. Akacheka mpaka akageukia ukuta. Nilidhani mimi mbaya. Mwaka mzima nilidhani mimi mbaya. Halafu mapenzi yakaja, nikaona aibu kuuliza, na sasa nimemkosa."

CD ilikuwa garini, ghorofa mbili chini yangu. Jibu lake lilikuwa garini. Mdomo ukafunguka, nikaufunga. Nikasema, "Labda alifurahi."

"Labda."

Miska alinifuata mpaka kwenye lifti. Safari hii hakusema all right. "Have you got Dad on a tape or anything? She's asking everyone." Nikamwambia avute subira, Ami Hafidh ana mambo makubwa. Akaniangalia kwa macho ya baba yake. "What does that even mean?" akauliza. Mlango wa lifti ukajifunga.

Nimeandika haya nikijua kwamba huko mbele nitayasoma na kucheka kwa raha, furaha itakapokuwa imeshafika. Lakini leo raha siioni. Nimeshalipia ukumbi.

Jumatatu, 27 Novemba

Ramadhani imeingia. Saa kumi jioni watu wanafuturu, hili ndilo jambo pekee ambalo London imewashinda watu wa kwetu.

Jumamosi, 9 Desemba

Bi Mwanabaraka kanipa bakuli la tambi bila kunitukana. Nikamuuliza Ghalia hajambo? "Hali chakula. Anakaa kwenye kiti cha marehemu anatikisa midomo. Nikimuuliza anasoma nini, anasema anajaribu kitu."

Nilirudi kwenye gari nikaichukua CD nikaitia ndani ya koti. Nikapanda ngazi, lifti mbovu. Nikafika mlangoni. Ndani Bi Mwanabaraka alikuwa anasoma Kurani. Nikajiambia, Ramadhani hii, Hafidh, na ngoma na vijana wa wanja, huna adabu. Nikashuka.

Naliandika jina la jambo hili, maana hapa hapana mtu: haikuwa adabu. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu atakuja kuona kitu ambacho hakijaonekana. Nikimpa leo, Januari nitasimama na nini?

Jumatano, 27 Desemba

Iddi. Mwaka wa kwanza sikwenda kula kwao. Nilikula kwa Lawrence, mkewe Mwende kapika kuku, wakaniombea kwa Yesu. Nilikubali, siku hizi sichagui.

Jumanne, 9 Januari 2001

Ghalia katoka edani leo. Wanawake wamemwogesha na wamemvisha. Shughuli Jumamosi.

Jumamosi, 13 Januari

Niandike yote, na nisiongeze chumvi.

Ukumbi ulijaa. Wapemba wa Tottenham, wa Peckham, wengine nimewafuata mwenyewe kwa gari. Wanawake upande wa jukwaa, sisi wanaume nyuma ya pazia. Pilau nimesimamia mimi, na kwa kweli ilikuwa pilau. Dua ikasomwa. Bi Mwanabaraka alipoona nafunga waya za spika akaja mpaka kwenye pazia.

"Hizo spika za nini?"

"Mawaidha ya marehemu, Bi Mwanabaraka."

"Marehemu kaacha mawaidha?"

"Utasikia."

Nikashika kipaza sauti. Nikaeleza nilivyokuwa dereva. Nikaeleza Brighton, nikaeleza Aberdeen, nikawaambia bila mimi hili lisingekuwapo. Watu wakacheka, na mimi nikaongeza. Halafu nikabonyeza.

Nilikuwa nimepanga ianze pale pale vinanda vinaposhuka. Kikohozi kikatoka kwenye spika nne, kikubwa kama cha jitu. "Ghalia. Ghalia binti Suleiman."

Nilisikia upande wa pili watu wakivuta pumzi. Halafu soksi. Kwenye soksi wanawake walipasuka kwa kicheko, si cha ubaya, cha mapenzi, kile cha kupigana mabegani, na mmoja akapiga kigelegele. "Wewe! Kumbe Maalim Jaffar!" Alipofika kwenye ukuta wakacheka tena. Vigelegele vikafunika maneno yaliyofuata. Ya uwanja wa ndege yalipita chini ya vigelegele. Mimi nayajua kwa moyo na sikuyasikia.

Ngoma zikarudi. Nikazima. Nikasimama tayari kupokea.

Pazia likafunguka, akaja Ghalia. Kwenye upande wa wanaume, mwenyewe. Sikuwa nimemuona toka msibani. Kakonda.

"Hafidh." Hakusema shemegi. "Hiyo umeipata lini?"

"Nilitaka iwe—"

"Lini?"

"Oktoba."

"Oktoba," kasema. Hakupaza sauti. Wanaume wote walikuwa wanatazama sahani zao. "Nilikaa na wewe mlangoni nikakwambia. Ulikuwa nayo?"

"Nilimuuliza Bi Mwanabaraka kuhusu muziki, akasema—"

"Muziki!" Bi Mwanabaraka alikuwa nyuma yake, kashika pazia. "Hukuniambia ni Jaffar," kasema. "Mtoto wa mama yangu. Mimi ningekuzuia, Hafidh? Mimi ningekuwa wa kwanza kukaa kitako."

Ghalia akanyoosha mkono. Nikatoa CD nikampa. Miska akaja akamshika bega mama yake, akaniambia kwa Kiswahili, cha kuvunjika lakini Kiswahili, ili nisiseme sikufahamu: "Wewe lijua. Mimi liuliza, wewe lijua."

Wakaondoka. Gari la kuwarudisha lilikuwa langu, nao walipanda basi.

Jumapili, 14 Januari

Kulala hakukuwepo. Mchana nikaenda. Mlango ulifunguliwa, eda imekwisha, hakuna cha kujificha. Ghalia alikaa, mimi nikasimama.

Nikamwambia najuta. Nimesafiri sana lakini neno hilo sikulijulia pa kulishika, likaniponyoka kama nataka kukohoa.

"Nimeisikiliza usiku kucha," kasema. "Ni yeye. Hata pale anapovuta pumzi. Na lile la uwanja wa ndege nimelisikia, nimelijua. Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru, usidhani sishukuru."

"Basi, shemegi..."

"Lakini anaposema soksi, nawasikia wanacheka. Kwenye CD hawamo, najua. Nimeisogezea sikio, nimezima taa, nimemfukuza Miska chumbani. Akisema soksi tu, wanacheka wote, na kile kigelegele. Akiniita jina, naona pazia na watu." Akajipangusa. "Alinambia mimi peke yangu, Hafidh. Kwa miaka ishirini hakuna aliyesikia. Ilikuwa inisubiri mimi peke yangu mara moja tu, mara ya kwanza. Hiyo mara ya kwanza ndiyo uliyowalisha watu na pilau."

Ningekuwa na Jaffar ningempigia simu anifundishe la kujibu.

Bi Mwanabaraka alinitoa mpaka kwenye lifti. Akanipa kipande cha mkate wa mchele ndani ya karatasi, hakunitazama. Nimekila garini chote na sikumbuki ladha yake.

Jumatano, 24 Januari

Vitu vya sokoni anapeleka Miska siku hizi. Nimemuona kwenye kituo cha basi na mifuko, nikasimamisha. Alipanda, nyuma. Nikampeleka mpaka kwao. Aliposhuka alisema, "Thanks, Ami." Nimelipokea kama mshahara wa mwezi.

Ijumaa, 2 Februari

Jioni nilimbeba kijana mmoja Mwingereza, mwanafunzi, toka Finsbury Park. Akaniomba niwashe redio. Mtangazaji akasema sasa ule wimbo mrefu, ambao watu wameuvumbua upya, na kabla sijafikisha mkono ngoma zikaanza.

Tulipoingia Seven Sisters Road vinanda vikateremka. Jaffar akakohoa.

Kijana akasogea mbele, kichwa baina ya viti viwili. "I love this bit," akasema. "Nobody knows what he's saying. Is that African? D'you know what language that is?"

Abiria wa namna hiyo nimewaota miaka ishirini. Nilikuwa na Brighton, nilikuwa na Aberdeen, nilikuwa na van na spika na chai ya hasira, vyote vimejaa mdomoni. Jaffar alikuwa anamwita Ghalia kwa jina la baba yake.

"No, my friend," nikamwambia. "I don't know it."

"Shame," akasema, akarudi nyuma akafumba macho. Taa ya mbele ilikuwa kijani. Nilipunguza mwendo hivyo hivyo, wa nyuma wakanipigia honi, na sikupita mpaka Jaffar aliposema njoo.